Kuni Si Kuni Tu: Mti, Moshi na Harufu ya Samaki wa Kubanika

Muhula uliopita bumu lilipoingia, tulikaa watatu chumbani hosteli tukapiga hesabu. Bei ya sato wabichi mwaloni tunaijua. Bei ya sato wa kubanika mjini tunaijua. Katikati pale tukaona faida imekaa tu inatusubiri. Tukachanga. Tukanunua samaki, tukaazima pipa lililokatwa, na kuni tukazipata bure: fundi seremala wa jirani alituambia tuzoe vipande vya mbao na maranda kadiri tunavyotaka, maana vinamjazia uwanja. Tulijiona wajanja kweli.

Samaki wakatoka weusi, na ukiwashika vidole vinanata. Mteja wetu wa kwanza, mpishi wa mgahawa ulio nje ya geti, alimnusa mmoja akamrudisha kwenye beseni. "Hawa wananuka dawa ya kupigia deki," akasema. Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu alisema kweli. Jioni hiyo tulimpelekea beseni zima mama mmoja anayebanika samaki mwaloni miaka mingi, tukamwomba atuambie tulikosea wapi. Alicheka kwanza. Kisha akauliza maswali matatu: "Mti gani? Umekauka? Mlikuwa mnaupa hewa?" Tukajibu kwamba zilikuwa kuni tu. Akatikisa kichwa: "Kuni si kuni tu, wanangu."

Mimi nasoma kemia. Aibu yangu ni kwamba majibu ya maswali yale matatu yalikuwa kwenye madaftari yangu, ila sikuwahi kuyaunganisha na samaki. Makala hii inayaunganisha, ili mwanachuo mwingine asije akachoma bumu lake kama sisi.

Moshi unatoka wapi

Tumezoea kusema kuni zinawaka. Ukweli ni kwamba kinachotoa ule mwali ni gesi. Joto huvunja mti kwanza, gesi zinatoka, na gesi hizo zikikutana na hewa ya kutosha na joto kali ndipo zinawaka. Zikiungua kabisa hubaki hewa ukaa na mvuke wa maji, na vyote viwili havina harufu. Ndiyo maana jiko la mkaa uliokolea vizuri halitoi moshi wa kukusumbua.

Moshi basi ni kile kilichotoroka kabla hakijaungua. Ndani yake mna vitu vya namna tatu: matone madogo sana ya maji na lami, chembe za masizi, na mvuke wa kemikali ambao macho hayauoni. Sehemu kubwa ya harufu nzuri imo kwenye huo mvuke usioonekana, unaotua juu ya ngozi yenye unyevunyevu ya samaki na kuyeyuka humo. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani moshi ukiwa mwingi na mzito ndiyo ladha inaingia. Kumbe ule mzito umejaa matone ya lami, na lami ndiyo inayonata vidoleni na kuacha uchungu mdomoni.

Mti umejengwa na nini

Chukua kipande cha mti mkavu. Kati ya asilimia 40 na 50 ya uzito wake ni selulosi, zile nyuzi ndefu zinazoupa mti nguvu. Asilimia 20 hadi 35 hivi ni hemiselulosi, ndugu yake selulosi ila fupi na dhaifu zaidi. Asilimia 18 hadi 35 ni lignini, gundi inayozishikamanisha nyuzi hizo. Kinachobaki ni kidogo: utomvu, mafuta, tanini na madini. Kila sehemu ina mchango wake kwenye moshi.

Hemiselulosi huvunjika mapema, joto likiwa kati ya nyuzi 200 na 300. Kutoka humo hupatikana kwa wingi asidi ya asetiki, ambayo ni ile ile ya siki. Ukimlamba samaki wa moshi ukasikia ukali mdogo kama wa siki, hiyo ndiyo kazi yake. Asidi hiyo pia husaidia kuzuia bakteria juu ya ngozi.

Selulosi hufuata, joto likifika karibu nyuzi 300 na kuzidi. Sehemu hizi mbili, ambazo zote zimejengwa kwa sukari, hutoa kemikali ziitwazo karbonili. Karbonili zikikutana na protini ya samaki hutengeneza ile rangi ya dhahabu kuelekea kahawia. Kwa hiyo rangi nzuri ya samaki wa kubanika haitokani na masizi. Inatokana na mmenyuko, wa ukoo mmoja na ule unaoipa chapati rangi yake kwenye kikaango. Masizi yanatoa weusi, na weusi ni kitu kingine kabisa.

Lignini ndiyo mama wa harufu ya moshi. Huvunjika taratibu, kuanzia nyuzi 280 hivi hadi kupita 400, na kutoa fenoli. Fenoli mbili ndizo kubwa katika habari yetu: gwayakoli, ambayo hubeba zaidi ladha ya moshi mdomoni, na siringoli, ambayo hubeba zaidi harufu ya moshi puani. Pamoja nazo zimo kiasi kidogo vanilini, ambayo ndiyo roho ya vanila, na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo mtu akikwambia samaki huyu ana kaharufu ka karafuu kwa mbali, usimcheke. Pua yake imemwambia kitu cha kweli.

Swali la kwanza: mti gani?

Wataalamu wa misitu huigawa miti ya mbao katika makundi mawili. La kwanza ni la miti ya majani mapana yenye maua: mpera, mgunga, mkwaju, mkaratusi. La pili ni la miti ya majani kama sindano au magamba yenye koni: msonobari, ambao mafundi wanauita paini, na saiprasi. Kundi la kwanza huitwa miti migumu na la pili miti laini, ila majina haya yanadanganya. Mti wa balsa, ule mwepesi unaotengenezea vindege vya kuchezea, kisayansi uko kwenye kundi la miti migumu. Kwa hiyo usipime kundi kwa ukucha. Angalia jani na utomvu.

Tofauti ya makundi haya kwenye moshi iko sehemu mbili.

Ya kwanza ni aina ya lignini. Miti laini ina lignini nyingi zaidi kwa asilimia, lakini karibu yote ni ya aina inayotoa gwayakoli peke yake. Miti ya majani mapana ina lignini mchanganyiko, hivyo moshi wake una gwayakoli na siringoli pamoja. Ndiyo maana moshi wa mpera unanukia "umekamilika", na wa paini unakuja na upande mmoja tu. Si unaona? Wingi wa lignini siyo hoja, hoja ni lignini ya namna gani.

Ya pili ni utomvu. Paini ina mifereji ya utomvu ndani ya mbao yenyewe, na utomvu huo umejaa terpini. Terpini zinachemka na kutoka mapema kabla lignini haijaanza kuvunjika vizuri, na zinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa masizi mengi. Harufu yake tunaijua wote, maana dawa nyingi za kusafishia sakafu zinanukia mafuta ya msonobari. Yule mpishi pua yake ilikuwa sahihi kabisa. Vipande vyetu vya bure vilikuwa paini, mti unaopandwa kwa wingi kwenye mashamba kama Sao Hill kule Mufindi na kuishia kwenye mapaa ya nyumba zetu.

Je, paini haifai popote? Hapana, tusiseme hivyo. Kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika Msitu Mweusi, kuna nyama ya paja la nguruwe inayosifika kwa sababu imefukizwa kwa miti ya jamii ya msonobari. Nchini China, mkoa wa Fujian, kuna chai ya Lapsang Souchong ambayo majani yake hukaushwa kwa moshi wa msonobari, na wanywaji wanaitafuta kwa harufu hiyo hiyo. Lakini wale wanatumia moshi baridi au wa mbali, kwa ufundi wa vizazi, kwa mteja anayeitaka ladha hiyo. Sisi tuliweka sato juu ya pipa lenye mwali, kwa mteja anayetaka ladha ya sato.

Sasa kuna swali ambalo watu hupenda kubishania vijiweni: mpera na mgunga, upi bora? Tofauti zipo, kwa sababu kila mti una tanini na mafuta yake. Ila ukishakuwa ndani ya kundi la majani mapana, tofauti kati ya mti mmoja na mwingine ni ndogo kuliko tofauti kati ya mti mkavu na mbichi, au moto uliotulia na moto uliokabwa. Ndiyo maana mama yule hakuishia kwenye swali la kwanza.

Swali la pili: umekauka?

Tupige hesabu kidogo. Una kuni mbichi kilo 10, na nusu ya uzito huo ni maji. Yaani kilo 5 za mti na kilo 5 za maji. Ili kuyatoa maji hayo, kila kilo lazima ipashwe kutoka nyuzi 25 hadi 100, kisha igeuzwe mvuke. Jumla ni karibu megajuli 2.6 kwa kilo, hivyo kilo 5 zinakula megajuli 13. Kilo 5 za mti mkavu zinatoa megajuli 90 hivi. Maana yake karibu sehemu moja kati ya saba ya joto lako lote inaishia kuchemsha maji.

Hasara ya joto ni nusu tu ya habari. Maji yanapotoka hupoza uso wa kuni, na pale panapopoa gesi haziwaki, zinatoroka zikiwa nusu nusu. Unapata moshi mweupe mzito, wenye mvuke mwingi na matone ya lami, unaochoma macho. Samaki naye analowana badala ya kukauka. Kwa hiyo ule ushauri wa kuloweka kuni "ili moshi uwe mwingi" unakupa wingi wa kitu usichokitaka.

Kuni zikikaa miezi kadhaa juani, zimepasuliwa na kupangwa zikipitisha hewa, maji hushuka hadi asilimia 20 hivi au chini. Kipimo cha mwaloni hakihitaji maabara. Gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinatoa mlio mzito uliokufa. Angalia kichwa cha gogo: kikavu kina nyufa. Liinue: kavu ni jepesi kuliko ulivyotegemea.

Tahadhari moja. Kuni zilizokaa mpaka zikaoza zina ukungu, na ukungu una harufu yake inayoingia kwenye samaki. Kavu ni sawa, iliyooza hapana. Magamba nayo ni bora kuyabandua yakiwa mazito, kwa sababu hukusanya tanini, mchanga na unyevu kuliko mbao ya ndani, na moshi wake huelekea kwenye uchungu.

Swali la tatu: mnaupa hewa?

Hapa ndipo umbo la kuni linapoingia. Gogo nene linawaka pole pole kutoka nje kwenda ndani. Vipande vyembamba vinashika haraka na kuisha haraka. Maranda yakirundikwa huzibana hewa zenyewe, yanafuka bila mwali, na ukiyachokonoa ghafla yanalipuka moto. Sisi tulijaza maranda pipa zima, kisha tukafunika kwa gunia lililolowa. Yaani tulichukua mti usiofaa, tukaunyima hewa, halafu tukashangaa.

Hewa ikizidi sana, gesi zote zinaungua na samaki anaiva bila harufu. Hewa ikiwa kidogo mno, unapata lami na masizi. Kinachotafutwa ni katikati: makaa yaliyokolea chini yanayotoa joto, na juu yake kipande kimoja kimoja cha mti mkavu kinachofuka taratibu. Moshi wa hapo ni mwembamba, unaelekea rangi ya bluu, na unaweza kusimama karibu nao bila kulia.

Joto nalo lina mpaka wake. Fenoli nzuri zinapatikana pale kuni zinapofuka kwa joto la wastani. Joto la mti unaofuka linapopanda sana, hewa ikiwa haitoshi, huanza kuongezeka kundi la kemikali ziitwazo hidrokaboni za pete nyingi. Maarufu kati yao ni benzopirini, ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafuta ya samaki yakidondokea kwenye moto huongeza kemikali hizo hizo, na moshi wake unarudi moja kwa moja kwa samaki aliyeko juu.

Na hili lina bei. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo moja ya nyama ya samaki wa moshi. Kabla ya hapo kilikuwa mikrogramu 5. Ndiyo sababu FAO na chuo kimoja cha Senegal walibuni tanuri liitwalo FTT-Thiaroye. Ndani yake samaki huivishwa kwanza kwa makaa, mafuta yanayodondoka hukingwa na sinia, na moshi hutengenezwa pembeni kisha kuletwa kwa samaki. Ukiangalia vizuri, tanuri hilo linatenganisha joto na harufu. Wabanikaji wazoefu wanafanya jambo hilo hilo kwa mikono yao: kuivisha kwanza, kufukiza baadaye.

Wafugaji walilijua hili kitambo

Ukitaka ushahidi kwamba kuchagua mti kwa harufu si mambo ya vitabu tu, nenda kwa wafugaji. Wamasai wa Kenya na Tanzania husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, wanaouita oloirien. Kijinga kinasuguliwa ndani ya kibuyu, kinaua vijidudu na kuacha harufu inayoingia kwenye maziwa. Wakalenjini wa Kenya hutengeneza mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa vijiti vya mti wanaouita senetwet. Ndiyo maziwa yale wanayonyweshwa wanariadha wakirudi uwanja wa ndege na medali. Hakuna anayechukua kijiti chochote kilichopita njiani. Mti una jina, na unatumika mkavu.

Usivyotakiwa kuwasha kabisa

Mbao zilizopakwa rangi au vanishi. Plaiwudi na mbao zilizobandikwa kwa gundi. Vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki, na moto hauiondoi sumu ya aseniki, unaihamishia kwenye moshi na majivu. Mnyaa, ule wa uzio wenye utomvu mweupe, ambao utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Maganda ya korosho, yenye mafuta makali yanayochubua ngozi. Kama hujui kipande kimetoka wapi, kiache. Hapa ndipo ninaposhukuru kwamba mpishi aliturudishia samaki wetu. Lile rundo la seremala lilikuwa na paini, sawa, lakini hatukuwahi kuuliza mlikuwa na nini kingine ndani yake.

Tukumbuke pia anayesimama mbele ya tanuri. Samaki anakaa kwenye moshi saa chache. Mbanikaji anakaa humo kila siku, miaka yote. Kuni kavu na hewa ya kutosha vinampa mteja harufu nzuri, na vinampa yeye macho na mapafu ya kumfikisha uzeeni. Tunaosomea uhandisi, misitu, lishe na kemia tungeweza kufanya utafiti wa mwaka wa mwisho pale mwaloni, na tungekuta mwalimu tayari yupo.

Kwa ufupi, kabla hujawasha

Chagua mti wa majani mapana unaoujua jina. Upasue, ubandue magamba mazito, uuanike mpaka ulie ukigonganishwa. Kausha uso wa samaki kwa upepo kwanza, asiwe anatiririka maji. Anza na makaa, mwivishe, kisha mpe moshi mwembamba. Kinga mafuta yasidondokee motoni. Ukiona moshi mzito mweupe, toa samaki, rekebisha moto, ndipo umrudishe. Na ukitaka kupima bila kupoteza mtaji, weka kipande kimoja cha samaki juu ya moshi nusu saa, upambe kidole kwenye ngozi. Kikinata, simama hapo hapo.

Wiki tatu baadaye tulirudi mwaloni tukiwa na sato kumi tu, maana hela ya zaidi ya hapo haikuwepo. Mama alituuzia mzigo mdogo wa mpera uliokauka, akatuonyesha pa kukaa ili upepo usitugeukie. Mpishi wa nje ya geti alinunua saba. Watatu tukala wenyewe na ugali, usiku, na hosteli nzima ikauliza harufu ile inatoka wapi. Deni la mwenzetu mmoja bado hatujalimaliza. Lakini akiuliza tena "mti gani?", safari hii tunalo jibu.